Gari ya fowili kuukuu: toa alamu iliyokuja nayo, ndipo uweke ulinzi wako

Fowili, yaani gari inayovuta kwa magurudumu yote manne, imeteremshwa bandari ya Malindi, Unguja, imewaka vizuri, imefika Mwanakwerekwe bila tabu. Asubuhi ya pili unazungusha ufunguo: taa za dashibodi zinawaka, stata kimya. Betri nzima, mafuta yamo, na stata ukiipima nayo nzima. Kinachozuia ni boksi dogo jeusi lililofungwa nyuma ya dashibodi miaka mingi nyuma na fundi wa Japani, wa Uingereza au wa Dubai, na mwenye gari wa leo hajui hata kama lipo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Escudo, RAV4, Prado, Hilux Surf, Pajero na Land Rover za miaka ya 1990 zimejaa maboksi ya namna hii. Mtu akinunua gari kama hiyo hukimbilia alamu mpya na kuifunga juu ya ile ya zamani. Balaa huanzia hapo: maboksi mawili yanakata waya mmoja, moja likifa jingine haliwezi kulisaidia, na fundi wa tatu atakayeitwa hatambui waya upi ni wa nani. Kazi hii inaanza kwa kutoa. Ukishairudisha gari kwenye nyaya zake za kiwandani, ndipo unaweka ulinzi wako, mchache na unaoujua mwenyewe.

Neno moja kwa fundi kabla hajagusa chochote: taka kuona kadi ya gari na mwenyewe awepo. Maarifa ya kutoa alamu ni yale yale mikononi mwa mwenye gari na mikononi mwa mwizi.

Ilikotoka gari ndiko ilikotoka alamu

Gari nyingi za Japani za nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 hazikuwa na ufunguo wa chipu, ule unaotambuliwa na kompyuta ya gari. Utakachokikuta humo mara nyingi ni kiwashio cha mbali: Mjapani wa sehemu za baridi hupenda kuiwasha gari akiwa ndani ya nyumba ili ipate joto. Rimoti ilibaki Japani, boksi likaja na gari. Habari njema ni kwamba vifaa hivi hufungwa kwa kamba yake maalumu ya nyaya, yenye plagi mbili zinazofanana na plagi ya swichi ya ufunguo. Moja imeingia kwenye swichi, nyingine imepokea plagi ya gari. Ukizichomoa zote mbili na kuirudisha plagi ya gari kwenye swichi yake, umemaliza, hukukata hata waya mmoja. Bado utabaki waya mmoja mmoja ulioungwa pembeni, kwa mfano wa hendibreki au wa taa ya breki. Huo ufuatilie mpaka mwisho wake uutoe.

Kwenye dizeli zenye tabo kuna pia kisanduku chenye namba za dakika, kinachoiacha injini ikiunguruma baada ya kutoa ufunguo ili tabo ipoe. Kwa ulinzi ni kitu kibaya. Injini inawaka, ufunguo hamna, na alamu nyingi zikiona umeme wa swichi bado upo hukataa kujifunga. Kitoe. Kama umetoka Nungwi kwa mwendo mkali, kaa ndani ya gari dakika moja injini ikiwa sailensa (ikiunguruma polepole bila kukanyaga mafuta), kisha uzime mwenyewe.

Gari iliyopitia Uingereza ina hadithi nyingine. Huko kila gari mpya ya abiria ililazimika kuwa na kifaa cha kuzuia injini tangu Oktoba 1998. Kabla ya hapo makampuni ya bima yaliwasukuma watu wafunge vifaa vilivyoidhinishwa na Thatcham, kituo cha utafiti cha makampuni hayo. Daraja la 1 ni alamu pamoja na kizuizi cha injini, la 2 ni kizuizi peke yake. Vizuizi hivi hukata njia mbili au zaidi, kwa kawaida stata na ama mafuta ama umeme wa injini. Utavitambua kwa alama moja: nyaya zote ni nyeusi. Si nyekundu, si bluu, zote nyeusi, makusudi ili mwizi asijue pa kukata. Usogeze uso karibu na uwe na tochi. Kwenye nyingine utaona tarakimu ndogo nyeupe zimechapwa kwenye ganda la waya. King'ora chake kina betri yake ndani na tundu la ufunguo mdogo kama wa kabati. Ukitoa betri ya gari bila kukizima, kitapiga kelele mtaa mzima utoke.

Aina ya tatu ni alamu nyepesi za Kichina zinazofungwa Dubai, Dar es Salaam na hapa hapa. Rimoti ya vitufe viwili hadi vinne, kitaa chekundu kwenye dashibodi, kitufe kidogo kilichofichwa, sensa moja ya mtikisiko, king'ora na rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme). Hizi ndizo rahisi kuzielewa, na ndizo zinazofungwa ovyo kuliko zote.

Gari za baadaye zenye ufunguo wa chipu kutoka kiwandani, kama Prado 120 au Land Cruiser 100, hazimo katika maelezo ya kutoa. Mfumo wao umo ndani ya kompyuta ya injini. Uache.

Kabla hujailaumu alamu

Pima betri kwa mita, gari ikiwa imelala angalau saa chache. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12.0 hiyo ni tupu hata kama taa zinawaka. Maboksi ya zamani yana tabia mbaya umeme ukiwa mdogo: stata ikianza kuvuta, volti zinaporomoka, boksi linapoteza fahamu na kuamka likiwa limejifunga. Gari inakataa kuwaka, unasukuma lawama kwa alamu, kumbe ni kichwa cha betri kilichoota unga wa kijani. Safisha vichwa kwa maji ya moto na brashi, kaza, pima tena. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya volti 13.8 na 14.4.

Betri ikiwa salama, sikiliza na utazame. Kitaa chekundu kinapepesa ufunguo ukiwa umewashwa na stata haitoi hata mlio mmoja: kizuizi kimekata njia ya stata. Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki, au inashika sekunde moja au mbili na kuzima: kizuizi kimekata mafuta au umeme wa injini. Stata inapiga "tak" moja na kunyamaza ni jambo la betri au stata yenyewe, alamu haihusiki.

Jaribu njia ya amani kwanza. Fungua rimoti ubadilishe betri yake. Nyingi hutumia CR2032 au CR2016, na za Kichina za zamani hutumia ile nyembamba ya volti 12 iitwayo 23A. Angalia na vibati vinavyoigusa. Vikiwa na kutu vikwangue kwa ncha ya kisu. Rimoti ikiwa imepotea, tafuta kile kitufe kidogo: chini ya usukani, ndani ya kisanduku cha fyuzi, nyuma ya kijaluba cha sigara, ubavuni mwa kiti cha dereva. Kwa alamu nyingi za Kichina unafungua mlango kwa ufunguo, unazungusha swichi mpaka ON, na ndani ya sekunde kama kumi unabonyeza kitufe hicho. King'ora kikinyamaza, washa gari.

Kuhusu kunakili rimoti: zile za bei rahisi zinazojifunza kwa kugusanishwa na rimoti ya asili zinafaa tu kwa rimoti yenye namba isiyobadilika. Rimoti inayobadilisha namba kila unapobonyeza haitaigizwa. Itakubali mara moja kisha basi. Na masafa lazima yalingane. Ya Japani huwa MHz 315, ya Uingereza na Ulaya MHz 433.92, na za Uingereza za zamani zaidi MHz 418. Soma nyuma ya rimoti kabla hujatoa pesa.

Kuitoa bila kuiharibu gari

Vifaa: mita ya dijitali yenye kipimo cha ampea 10, testa ya balbu, bisibisi nyota na bapa, spana na soketi namba 10 na 12, pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, risasi ya kulehemu yenye utomvu ndani, mipira ya kusinyaa kwa moto yenye gundi, tepu ya kitambaa, na simu ya kupigia picha. Testa ya balbu itumie kwenye taa na stata tu. Ukiigusisha kwenye waya wa kompyuta ya injini unaweza kuiunguza.

Zima king'ora kwa ufunguo wake kama unao. Huna? Tafuta plagi yake ndani ya boneti na uichomoe haraka baada ya kutoa betri. Kitalia mpaka betri yake ndogo iishe, kizungushie nguo nene. Ondoa kichwa cha hasi cha betri. Gari ikiwa na mifuko ya hewa, subiri dakika mbili kabla ya kuingia chini ya usukani, na usiguse kabisa plagi wala ganda la nyaya la rangi ya manjano. Hizo ni za mifuko ya hewa.

Fungua paneli ya chini ya usukani. Boksi la alamu huwa limefungwa juu, karibu na mguu wa usukani au nyuma ya saa za dashibodi, likiwa limezungushiwa tepu mpaka linafanana na furushi. Piga picha kwanza kila upande. Sasa usikate shada zima la nyaya. Kosa hili ndilo linaloziua gari nyingi: fundi anakata zote kwa mara moja akidhani amemaliza, kumbe ndani ya shada zimo njia mbili au tatu za gari yenyewe zilizokatwa na kupitishwa kwenye boksi. Gari haitawaka tena mpaka ziungwe upya, na sasa ncha zake zimepotea ndani ya kapu la nyaya.

Fuatilia waya mmoja mmoja kutoka kwenye boksi mpaka ulipogusa nyaya za gari. Nyembamba zilizoungwa ubavuni, bila kuukata waya wa gari, ni za milango, indiketa, kitaa na umeme wa boksi. Hizo unazitoa, unasafisha kidonda cha waya na kukifunga. Nene zinazokwenda mbili mbili ndizo zenye kazi. Toa tepu ya pale zilipoungwa: utaona waya wa gari umekatwa katikati, ncha mbili zenye rangi moja na mstari ule ule, kila ncha imeshikwa na waya wa alamu. Kata nyaya za alamu karibu na kiungo, umenye ncha za gari sentimita moja na nusu, vika mpira wa kusinyaa, pindanisha, lehemu, sogeza mpira na uupashe moto. Halafu rudisha betri ujaribu gari kabla ya kwenda kwenye njia nyingine. Moja baada ya moja. Ni kazi ya polepole, na ndiyo salama.

Umeunga zote chini ya dashibodi na injini bado haishiki? Ipo njia moja umeipita. Kwenye petroli tafuta chini ya kiti cha nyuma na kapeti, waya unaokwenda pampu ya tangi. Kwenye dizeli fungua boneti, tazama soleniodi ya kukatia mafuta juu ya pampu ya nozeli: waya wake mmoja hupewa volti 12 ufunguo ukiwa ON. Pima hapo. Hakuna umeme, fuata waya kurudi nyuma.

Ukimaliza, toa na nyaya zilizopita ukuta wa injini, kisha uzibe tundu kwa raba au silikoni. Tundu la milimita 8 lililoachwa wazi litaleta maji ya masika moja kwa moja juu ya kisanduku cha fyuzi.

Kinachonyonya betri usiku

Mtu anaegesha gari, anakwenda Dar wiki moja, anarudi betri imekufa. Hesabu yake ni nyepesi. Gari nzima ikiwa imelala isizidi milliampea 50, ndani yake alamu nzima ikichukua 10 hadi 25. Ukikuta milliampea 200, ni ampea-saa 4.8 kwa siku, na betri ya ampea-saa 60 inafika nusu kabla ya wiki kwisha.

Kupima: shusha kioo cha dereva, funga milango yote, bonyeza chini swichi ya boneti kwa mpira wa manati au tepu. Waya mwekundu wa mita uweke kwenye tundu la ampea 10, toa kichwa cha hasi na uiweke mita kati ya kichwa na betri. Subiri nusu saa, usifungue mlango, na usithubutu kuwasha gari mita ikiwa hapo. Ukiona umeme mwingi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Isiposhuka kwa fyuzi yoyote, ujue kuna waya umechukuliwa moja kwa moja betrini, na waya wa namna hiyo mara nyingi ni wa alamu ya zamani au wa redio.

Ulinzi wa kwanza: rilei ya stata na swichi ya siri

Ukitaka kitu kimoja tu, weka hiki. Gharama yake ni rilei moja ya miguu mitano ya ampea 40, soketi yake, diodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), kishikio cha fyuzi ya ampea 3, mita mbili za waya wa milimita za mraba 4, mita tatu za waya wa 0.75, na swichi ndogo.

Tafuta kwanza waya wa stata chini ya swichi ya ufunguo. Usiamini rangi. Weka gia huru au P, vuta hendibreki, waya mweusi wa mita kwenye chuma cha bodi. Waya unaoutafuta unaonyesha volti 12 ufunguo ukiwa START tu, na sifuri mahali pengine pote. Land Cruiser za dizeli za soko la Japani zinahitaji uangalifu: baadhi ni volti 24 gari nzima, na baadhi ya zile za mfululizo wa 80 zina taa za volti 12 na stata ya volti 24. Pima, kisha ununue rilei ya volti ulizozikuta.

Kata waya huo. Ncha inayotoka kwenye ufunguo iunge na mguu 30 wa rilei (namba za miguu zimeandikwa kwenye rilei yenyewe), na kutoka hapo hapo chukua waya mwembamba, upitishe kwenye fyuzi ya ampea 3 mpaka mguu 86. Ncha inayokwenda stata iunge na 87. Mguu 85 unakwenda kwenye swichi ya siri, na upande wa pili wa swichi unakwenda kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Mguu 87a haufanyi kazi, uuzibe. Diodi ifungwe kati ya 85 na 86, upande wenye mstari mweupe ukielekea 86. Ukigeuza, fyuzi itaungua mara ya kwanza utakapowasha.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba rilei inaamka sekunde zile tu unapowasha, haikai na moto siku nzima. Swichi ya siri inapitisha takriban ampea 0.15, basi hata kitufe kidogo kinatosha, au kitufe cha gari yenyewe ambacho hakina kazi tena. Na kikubwa kuliko vyote, rilei ikifa ukiwa njiani hakuna kitakachotokea. Gari itakataa kuwaka utakapoizima, lakini haitakuzimikia katikati ya Michenzani wala kwenye mteremko.

Swichi iwe mahali ambapo mkono wa dereva unafika bila yeye kuinama. Chini ya kapeti hapafai, maji na mchanga wa ufukweni vitaiua ndani ya miezi. Rilei isifungwe karibu na swichi ya ufunguo ambako kila mtu ataanzia kutafuta. Izungushie tepu ile ile ya kiwandani ifanane na kamba ya nyaya za gari.

Gari ya gia za mkono

Hiyo inasukumwa ikawaka, na rilei ya stata haitaizuia. Ongeza kizuizi cha mafuta, ila kwa mpangilio wa kinyume, kwa sababu hapa mwendo na uhai vimo. Kata waya wa pampu ya petroli, au wa soleniodi ya dizeli, na uupitishe 30 na 87a. Mguu 86 upate umeme wa ON kupitia fyuzi ya ampea 3, na 85 ukapite kwenye swichi ya siri mpaka bodi. Swichi ikiwa imewekwa kwenye ulinzi na mtu akiwasha, rilei inavuta na mafuta yanakatika. Swichi ikiwa imeachiwa, rilei imelala na mafuta yanapita. Waya wake ukikatika au fyuzi ikiungua, injini inaendelea. Ufunguo ukiwa umezimwa hakuna umeme unaoliwa. Na mwizi akiiona rilei akaichomoa, njia ya 30 na 87a imekatika pia.

Usikate kamwe waya mkuu wa ON. Huo unalisha taa za breki za baadhi ya gari, mifuko ya hewa na kompyuta, na kiungo kibovu hapo ni ajali inayosubiri siku yake.

King'ora, sensa na kelele za bure

Alamu inayolia kila usiku majirani huacha kuisikiliza, na mwenyewe huishia kuizima. Kwa hiyo kazi yote ya alamu ni kuhakikisha hailii bure.

Kinacholiza alamu hapa visiwani zaidi ya vyote ni swichi ya boneti na swichi za milango. Chumvi inaingia, pini inakwama nusu, alamu inadhani mlango umefunguka. Toa kila swichi, safisha kwa sandipepa laini, paka grisi ya silikoni, na mpira wake uliopasuka ubadilishe. Gari nyingi za Japani swichi ya mlango hupeleka hasi, kwa hiyo kwenye boksi jipya tumia waya wa mlango wa hasi, ule wa chanya uufunge tepu.

Sensa ya mtikisiko ikazwe kwa skrubu kwenye chuma chini ya dashibodi. Ikibandikwa kwenye plastiki haina maana. Ipunguze mpaka chini, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka pigo la kiganja kwenye nguzo ya mlango liiamshe, lakini kunguru akitua juu ya paa isiamke. Gari ikilala chini ya mnazi au mwembe, punguza tena. Sensa ya mawimbi ya sauti ndani ya gari usiiweke kwenye gari ya turubai, wala kama una desturi ya kuacha kioo wazi vidole viwili kwa sababu ya joto: upepo wa kaskazi utailiza, na paka wa Mji Mkongwe atamalizia.

King'ora kielekezwe mdomo chini ili maji yatoke, mbali na ekzosi, na mahali ambapo mkono wa mtu aliye chini ya gari haufiki. Boksi liwe juu, kamwe lisiwe kwenye pembe ya miguu ya abiria, ambako kioo cha mbele cha Escudo kuukuu kikivuja maji yote hushukia. Nyaya zake zishuke chini ya boksi kwanza, zitengeneze kitanzi, ndipo zipande. Tone la maji litaangukia kwenye kitanzi na kudondoka, halitafuata waya mpaka ndani.

Kufunga milango kwa rimoti kuna mtego wake: gari nyingi za Japani za umri huo mlango wa dereva una swichi tu, hauna mota. Milango mingine itafunga, wa dereva utabaki wazi. Nunua mota moja ya kusukuma yenye nyaya mbili, uifunge kwa fimbo yake kwenye fimbo ya kitasa.

Chumvi, na zile klipu za bluu

Ukifungua dashibodi utazikuta: klipu ndogo za bluu zinazobana nyaya mbili na kuzitoboa ganda kwa kibati. Kwenye nchi kavu zinadumu. Hapa, fungua moja iliyokaa miaka miwili ukione kilichomo: unga wa kijani na nyuzi tatu za shaba zilizobaki kati ya kumi na tano. Gari inawaka leo, kesho haiwaki, keshokutwa inawaka. Zitoe zote. Waya mpya uwe wa shaba iliyopakwa bati, ule wanaotumia mafundi wa boti. Ukikata ncha yake ni nyeupe ndani, si nyekundu. Kila kiungo kilichoshikwa kwa lehemu kifungwe na kamba ya plastiki sentimita tatu kutoka kiungoni, kwa sababu waya uliolehemiwa ukitikisika hukatikia pale risasi inapoishia.

Vya chuma, na kifaa cha kufuatilia

Kwenye kisiwa gari nzima haina pa kwenda mbali bila kupita bandarini. Kinachoondoka kirahisi ni vipande: vioo vya pembeni, taa, betri, tairi la akiba la mlango wa nyuma. Chonga namba ya usajili kwenye vioo vyote na taa. Tairi la akiba liwe na nati moja ya kufuli, na betri ibanwe na chuma chenye nati ya namba hiyo hiyo ya kufuli ili ubebe ufunguo mmoja. Kufuli la gia au la usukani ongeza. Linafanya kazi hata betri ikiwa imekufa.

Kifaa cha kufuatilia kwa simu ni kizuri endapo kimefungwa chini ya plastiki, upande wa antena ukitazama mbingu. Chini ya chuma hakioni setilaiti. Badilisha neno la siri siku hiyo hiyo. Vingi vinakuja na 123456. Laini yake iandikishwe kwa jina lako na iwekwe salio mara kwa mara, la sivyo itafungwa na hutajua mpaka siku ya haja. Ile amri ya kuzima injini kwa ujumbe iunganishe na rilei ya stata, usiiunganishe na mafuta.

Gari ya kukodisha, gari ya Pemba, na kuvuka bahari

Mgeni anayekodi Escudo ataogelea Paje na rimoti mfukoni. Mpe mfuko usiopitisha maji pamoja na ufunguo. Ikishaloa maji ya bahari, fungua saa ile ile, toa betri, suuza kibao cha ndani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti, uikaushe kivulini siku nzima. Usiiweke juani, na usirudishe betri kuijaribu kabla haijakauka.

Gari inayokaa Wete au Micheweni iwe na rilei moja ya ziada, fyuzi tatu na mchoro wa nyaya ulioandikwa kwa kalamu ya wino na kukaa nyumbani, kamwe si ndani ya gari. Kipuri kidogo kama hicho ukikisubiri meli unaweza kupoteza siku nzima.

Na ukiipakia melini kwenda Mkoani, Pemba, iweke alamu kwenye hali ya fundi (ilale, isilie) kwa kile kitufe kidogo kabla hujashuka garini. Mtikisiko wa injini za meli utailiza sensa njia nzima, na king'ora cha wati 20 kinakula karibu ampea 2. Funga kufuli la usukani, geuza swichi ya siri, chukua funguo zako.